Kiatu cha Kushoto

Mimi ndiye niliyekishika.
Kabla ya redio, kabla ya bandeji,
kabla neno tindikali halijashuka Arua
kwa basi la usiku kutoka Kampala,
kiatu cha kushoto cha Mheshimiwa Obitre
kilikuwa mapajani mwangu, kimelowa,
kinanuka sabuni ya mche na mukene.

Driciru alimwaga beseni. Basi.
Kila siku saa nane, wateja wakishakula,
humwaga maji ya vyombo mtaroni bila kutazama,
mkono mmoja kiunoni.
Siku ile mtaroni palikuwa na mtu.
Alikuwa anavuka kuja kutusalimia,
maana ulikuwa mwezi wa kura;
miezi mingine hupita vioo vimepandishwa.

Aliruka. Aliruka vizuri, nasema haki,
kwa mtu wa tumbo lile.
Tukacheka, mtaa mzima wa Oli, hata mlinzi wake.
Maji yalikauka nikiwa bado natafuta brashi.
Kicheko hakikukauka.

Jioni redio ikasema: vijana watano, wenye chupa.
Asubuhi wakawa kumi,
na pikipiki isiyo na namba.
Jumapili akaingia kanisani na mkongojo,
akichechemea mguu wa kulia.
Nilikaa kiti cha nyuma
nikitazama mikono yangu miwili:
kushoto, nikajiambia. Kilikuwa cha kushoto.

Hapo ndipo watu walipoacha kusalimiana.
Feta wa kadi za simu na shemeji yake
walirushiana maneno mpaka chai ikapoa.
Kwani wewe ulikuwepo? Na wewe je?
Candia, ambaye mchana ule alikuwa Koboko
akipatana bei ya mbuzi,
ndiye aliyeona mengi kuliko sote:
aliona moshi, aliona ngozi ikichubuka,
na kila aliposimulia, moshi ulipanda.

Mwalimu Ezati akaja na viatu vyake vya chaki.
Asega, akaniambia, diwani yule wa mwaka juzi
alipopigwa jiwe la kweli
tulicheka hivi hivi.
Mtu mmoja akikuza maji kuwa moto,
wa kesho atakayeungua
tutamwamini kwa kipimo gani?
Nilimpigia soli, sikumjibu.
Hata sasa sina jibu.

Kisha wakaja wawili, mashati ya kupigwa pasi:
elfu hamsini, sema ulikuta tundu.
Usiku wakaja wa upande wa pili:
elfu thelathini, sema kiatu kilikuwa kikavu.
Nikawaambia wote nilichokiona:
doa, karibu na kamba,
dogo kama punje ya mtama, jeupe.
Huenda ni sabuni.
Huenda lilikuwepo tangu dukani.
Huenda ni mimi, nilisugua kwa nguvu.
Hakuna aliyetoa kalamu.
Doa halina mnunuzi.

Driciru alilala polisi siku tatu.
Aliporudi hakuuliza nani alimtaja.
Aliuliza beseni.
La bluu, lenye ufa alioushona mwenyewe
kwa uzi wa katani nilioumkopesha mimi.
Likamsubirisha wiki, likamsubirisha mwezi,
kesi ikafifia kama rangi ya mabango,
Mheshimiwa akaapishwa amesimama wima
kwa miguu yote miwili.

Sasa huoshea kwenye sufuria.
Kabla ya kumwaga hupiga kelele: Maji!
na mtaa mzima hujivuta nyuma,
wanaoamini na wasioamini,
huku Candia akiwatangulia.

Juzi nilipeleka kituoni buti za askari.
Uani, chini ya bomba, nikaliona:
karatasi bado imegandamana ubavuni, KIELELEZO A,
wino umetoka machozi,
na ndani yake povu,
na ndani ya povu, soksi.